Mbacha na Msala

Wahenga wetu wametuachia methali mbili ambazo, ukiziweka pamoja, zaonekana kama ndugu wanaogombana. Ya kwanza yasema, "Kipya kinyemi ingawa kidonda." Ya pili yaonya, "Usiache mbachao kwa msala upitao." Ya kwanza yatueleza jinsi moyo wa binadamu unavyovutwa na kitu kipya, hata kama ndani yake mna maumivu. Ya pili yatukumbusha kwamba mkeka wetu mkuukuu, ujapokuwa umechakaa, ndio tulio nao usiku na mchana, na huo msala mzuri tuuonao wapita tu. Ni ipi basi yenye haki pale ambapo chombo cha kale kinatakiwa kiondolewe na kipya kiwekwe mahali pake?

Swali hili, msomaji, si la mikeka peke yake. Katika zama zetu limewasumbua watu wenye elimu nyingi, nao wamelijibu kwa gharama kubwa. Nataka tulitazame kwa mfano mmoja wa kweli, yaani habari ya lugha ya kompyuta iitwayo Python. Toleo lake la pili lilistaafishwa ili lilipishe toleo la tatu. Toleo la tatu lilitoka mwaka 2008, na la pili halikuagwa mpaka mwaka 2020. Katika miaka hiyo yote lugha hiyo moja ilikuwa na nyumba mbili, na watu wake walikuwa wamegawanyika kati ya nyumba hizo. Walivyogawanyika na walivyokutana tena ni jambo lenye mafunzo kwa kila mtu ambaye siku moja atapewa kazi ya kubadili kitu kinachotegemewa na wengine.

Kwanza yafaa tufahamu lugha ya kompyuta ni nini. Kompyuta haielewi maneno yetu. Mtu akitaka imfanyie kazi, huandika maagizo kwa lugha maalumu yenye maneno machache na kanuni kali. Maagizo hayo ndiyo programu. Ndani ya kompyuta hukaa programu nyingine ambayo ni kama mkalimani, nayo huyasoma maagizo na kuyatekeleza moja baada ya moja. Sasa angalia tofauti iliyopo kati ya mkalimani huyu na binadamu. Ukimwomba mwenzio kalamu kwa lafudhi ya Lamu, ya Unguja au ya Nairobi, atakuelewa, na pale asipokuelewa atakisia. Mkalimani wa kompyuta hakisii. Kanuni moja ya lugha ikibadilika, programu iliyoandikwa kwa kanuni ya zamani husimama, au, jambo lililo baya zaidi, huendelea na kazi na kutoa jibu lililo kosa. Ndiyo maana kuibadili lugha ya kompyuta ni sawa na kuugusa msingi wa nyumba ambamo watu wamelala.

Lugha ya Python ilianza katika mji wa Amsterdam, nchini Uholanzi. Mwezi wa Desemba mwaka 1989, wakati wa mapumziko ya Krismasi, Mholanzi mmoja aitwaye Guido van Rossum alianza kuitunga. Alikuwa akifanya kazi katika taasisi ya utafiti wa hisabati na kompyuta iitwayo CWI. Jina la lugha hiyo hakulichukua kwa chatu, kama watu wengi wadhanivyo, bali kwa kundi la wachekeshaji wa Uingereza lililoitwa Monty Python. Mwezi wa Februari mwaka 1991 akaitoa kwa watu wote, waitumie bila malipo. Sifa yake kubwa ilikuwa wepesi wa kusomeka. Mtu aliyejifunza kwa muda mfupi aliweza kuisoma programu ya mwenziwe na kuelewa kusudi lake. Tarehe 16 Oktoba mwaka 2000 likatoka toleo la pili, Python 2, na kwa miaka iliyofuata lugha hiyo ikaenea kwa wahandisi, wanasayansi, walimu na wafanya biashara wa nchi nyingi.

Lakini hakuna mjenzi ambaye nyumba yake ya kwanza haina kasoro. Kadiri watu walivyozidi kuingia, ndivyo kasoro za Python zilivyozidi kuonekana. Nitakutajia mbili.

Ya kwanza ni ya hesabu. Ukiiamuru Python 2 igawe 7 kwa 2, ilikujibu 3. Sababu yake ni kwamba namba zote mbili zilikuwa nzima, basi na jibu lake likafanywa namba nzima, na sehemu iliyobaki ikatupwa kimya kimya. Fikiri mwalimu anayetaka kujua wastani wa alama za mwanafunzi aliyepata 7 katika jaribio moja na 8 katika jingine. Jumla ni 15, na wastani wa kweli ni 7.5, lakini mwalimu asiyejua siri ya mkalimani angeandika 7, na mwanafunzi angedhulumiwa nusu ya alama pasipo mtu yeyote kukusudia dhuluma. Wataalamu waliijua hila hii na kuikwepa. Wanafunzi waliokuwa wakianza ndio walionaswa.

Kasoro ya pili ilikuwa kubwa zaidi, nayo inatugusa sisi wa Afrika Mashariki. Kompyuta huhifadhi maandishi kwa namba. Mwaka 1963 Wamarekani walikubaliana kanuni iitwayo ASCII, yenye nafasi 128 tu, ambamo zilitiwa herufi za Kiingereza, tarakimu, alama za uandishi na ishara chache za mitambo. Kiswahili cha herufi za Kirumi kimebahatika kuenea humo chote. Hata ng' ya ng'ombe hupata alama yake. Walakini herufi ĩ na ũ za Kikuyu na Kikamba hazimo. Hazimo pia herufi za Kiarabu, ambazo washairi wetu wa pwani walizitumia kwa karne nyingi kuandika Kiswahili. Hazimo za Kichina, za Kihindi wala za Kihabeshi. Ili kuziba pengo hilo ikatungwa kanuni mpya, Yunikodi, ambayo toleo lake la kwanza lilitolewa mwaka 1991, na ambayo leo ina alama zaidi ya 140,000.

Python 2 iliijua Yunikodi, lakini ilikuwa na aina mbili za maandishi ndani ya nyumba moja, nayo iliruhusu zichanganywe. Aina moja ilihesabu herufi, na nyingine ilihesabu baiti, yaani vijipande vya namba ambavyo kompyuta huvihifadhi. Zilipochanganywa, mkalimani alidhani bila kuuliza kwamba kila kitu ni ASCII. Matokeo yake yalikuwa nini? Chukua jina Wanjikũ. Lina herufi 7. Likiandikwa kwa namna ya kuhifadhi iitwayo UTF-8, herufi ũ huchukua baiti 2, kwa hiyo Python 2, katika aina yake ya kawaida ya maandishi, ilihesabu 8. Programu iliyotakiwa kulikata jina baada ya nafasi ya 7 ingeikata ũ katikati na kuacha kipande kisichosomeka. Na mahali ambapo aina mbili zilikutana, programu ilianguka kabisa.

Ubaya wa kosa hili, msomaji, ni kwamba lilijificha. Mwandishi wa programu aliyeijaribu kazi yake kwa majina ya Smith na Omari hakuona dosari yoyote. Akaitoa, watu wakaisifu, ikasafiri nchi za mbali. Siku jina la Wanjikũ, au la Mfaransa mwenye alama juu ya herufi zake, lilipoingia, ndipo kazi iliposimama, na aliyepata taabu hakuwa mwandishi bali karani aliye mbali naye, asiyejua hata kosa limetoka wapi. Kasoro ya namna hii haitibiki kwa kiraka. Ilibidi lugha yenyewe itenge maandishi na baiti, na ikatae kabisa kuvichanganya mpaka mwandishi aseme waziwazi anataka nini. Na kufanya hivyo ilikuwa ni kuzivunja programu nyingi mno zilizokwisha kuandikwa.

Hapo ndipo van Rossum na wenzake walipofikia njia panda. Kuiacha kasoro ni kuwarithisha watoto deni. Kuiondoa ni kuwasumbua wazazi wao. Waliamua kuiondoa. Mwaka 2006 mipango ya toleo jipya, ambalo kwa mzaha waliliita Python 3000, iliwekwa katika maandishi, na tarehe 3 Desemba mwaka 2008 Python 3 ikatolewa. Sasa 7 kwa 2 ikawa 3.5. Maandishi yote yakawa ya Yunikodi, na baiti zikapewa mahali pake penyewe. Mambo mengine madogo madogo yakasafishwa pia. Kwa mfano, neno print, ambalo huamuru maandishi yaonekane kwenye kioo, lilianza kudai mabano. Jambo dogo, lakini kwa sababu ya mabano hayo peke yake karibu kila programu ya zamani ilikataa kwenda.

Watungaji hawakuwa wazembe. Walijua kwamba watu watahitaji msaada, wakaunda chombo kiitwacho 2to3, kazi yake kuisoma programu ya zamani na kuiandika upya kwa kanuni mpya. Walitumaini kwamba kila mwandishi atakipitisha chombo hicho juu ya kazi yake, asahihishe machache yaliyobaki, kisha ahamie nyumba mpya na kufunga mlango wa ile ya zamani. Hilo lilikuwa tumaini la watu wema, lakini halikutimia. Tutazame kwa nini.

Sababu ya kwanza ni kwamba hakuna programu inayosimama peke yake. Mwandishi hutumia maktaba, yaani mikusanyo ya programu zilizokwisha kuandikwa na wengine, na maktaba hizo nazo hutegemea maktaba nyingine. Mwanasayansi hawezi kuhama mpaka maktaba yake ya hesabu ihame. Mjenzi wa tovuti hawezi kuhama mpaka kiunzi anachojengea kihame. NumPy, maktaba kubwa ya hesabu, iliikubali Python 3 mwaka 2010. Django, kiunzi maarufu cha kujengea tovuti, kilianza kuijaribu mwaka 2013 tu, zaidi ya miaka minne baada ya lugha yenyewe kutoka. Na wenye maktaba nao walikuwa na hoja yao, kwamba hawawezi kuharakisha kazi ya nyumba ambayo bado haina wakaaji. Hivyo kila mmoja akasimama ukingoni akimngoja mwenziwe avuke kwanza.

Sababu ya pili ilikuwa katika chombo chenyewe cha kutafsiri. 2to3 iliweza kuongeza mabano, lakini haikuweza kujua kama maandishi fulani ni jina la mtu au ni baiti za picha. Hilo alilijua mwandishi peke yake, na pengine naye alikuwa amekwisha kusahau. Tena, mwenye maktaba hakuweza kuwaacha watu wake wa zamani siku ile ile. Kama angetafsiri, angebaki na nakala mbili za kazi moja, na kila kosa alilosahihisha katika moja angelazimika kulifuata katika nyingine. Sababu ya tatu ni kwamba toleo la 3.0 lilikuwa zito katika kusoma na kuandika faili, likarekebishwa katika toleo la 3.1 mwezi wa Juni mwaka 2009. Watu waliokaribishwa katika nyumba mpya wakakuta mlango mzito kuliko wa nyumba ya zamani. Wengi wakarudi nyuma wakisema, mbacha wetu watutosha.

Twaweza kuwalaumu? Ni rahisi kumwita mvivu mtu anayekataa kubadilika. Illa wengi wa watu hawa hawakuwa wavivu. Programu zao zilikuwa zikifanya kazi. Kasoro zilizoondolewa wao walikwisha kujifunza kuzikwepa, na faida iliyoahidiwa ilikuwa ya wengine, yaani ya wanafunzi ambao hawajaanza na ya watu wa lugha nyingine ambao hawajafika. Waliambiwa walipe leo gharama ya manufaa ya kesho ya mtu wasiyemjua. Mtu mwenye mshahara wa kutafuta na kazi ya kumaliza hawezi kulikubali ombi la namna hiyo kwa kuambiwa tu kwamba ni zuri. Hapo nchi mpya ilihitaji kitu zaidi ya sifa. Ilihitaji daraja.

Ili uone hatari iliyokuwapo, linganisha na lugha nyingine ya zama hizo iitwayo Perl. Mwaka 2000 wenye lugha hiyo walitangaza toleo la sita ambalo lingeandikwa upya kabisa. Kazi ikarefuka, na toleo la kwanza lililo tayari kwa watumiaji halikutoka mpaka Desemba 2015. Kufikia wakati huo ndugu wawili hao walikuwa wameachana mno hata wasiweze kuitwa kwa jina moja, na mwaka 2019 lile la sita likapewa jina jipya, Raku. Lugha moja ikawa mbili. Python nayo ingeweza kufikia huko.

Daraja la Python lilijengwa kidogo kidogo, kwa mikono ya watu wengi. Tarehe 3 Julai mwaka 2010 likatoka toleo la 2.7, ambalo lilikuwa la zamani kwa kanuni, lakini lilitiwa ndani yake mambo mengi ya toleo la tatu, ili mtu ajizoeze mambo mapya angali nyumbani kwake. Mwaka huo huo Benjamin Peterson, mmoja wa watunzaji wa lugha hiyo, akatoa maktaba ndogo iitwayo six. Jina hilo ni sita kwa Kiingereza, nalo ni jibu la 2 mara 3. Kazi yake ilikuwa kuficha tofauti za nyumba mbili, ili programu moja iliyoandikwa mara moja iende chini ya wakalimani wote wawili. Fikra hii ndiyo iliyogeuza mambo. Mtu hakuhitaji tena kuruka mto kwa hatua moja. Aliweza kusimama na mguu mmoja huku na mwingine kule mpaka mizigo yake yote ivuke.

Na watungaji wa toleo jipya nao walijifunza unyenyekevu. Katika Python 2 waandishi walizoea kutia herufi u mbele ya maandishi ya Yunikodi. Python 3 iliifuta, kwa kuwa sasa maandishi yote yalikuwa ya Yunikodi na alama hiyo haikuwa na maana tena. Kwa hoja hilo lilikuwa sawa. Lakini kwa mtu aliyetaka programu moja iende pande zote mbili, herufi hiyo isiyo na maana ilikuwa mwiba wa kila siku. Basi katika toleo la 3.3, mwezi wa Septemba mwaka 2012, wakairudisha, ingawa haikufanya kazi yoyote, kwa ajili ya kumpunguzia msafiri taabu tu. Mwaka 2015, katika toleo la 3.5, wakarudisha pia namna moja ya zamani ya kuunda baiti, kwa sababu watu wa mitandao walikuwa wakiihitaji. Si jambo jepesi mjenzi kurudisha dirisha ambalo yeye mwenyewe aliliziba.

Lakini daraja peke yake halitoshi, kwa maana wako watakaokaa juu yake milele. Upole ulihitaji kuandamana na neno lisilobadilika. Mwaka 2011 watunzaji wakatoa waraka kwamba toleo la 2.8 halitakuwapo kamwe. Katika orodha ya nyaraka zao waliupa namba 404, ambayo katika mtandao ni ishara ya kitu kisichopatikana. Hata katika ukali hawakuacha ucheshi wao. Mwisho wa Python 2 ulikuwa umewekwa mwaka 2015. Walipoona kwamba wengi hawajavuka, mwezi wa Aprili mwaka 2014 wakausogeza mbele hadi mwaka 2020, na hawakuusogeza tena.

Kuanzia hapo safari ikashika kasi. Tarehe 2 Desemba mwaka 2017 likatoka toleo la 2.0 la Django, nalo likaiacha Python ya zamani kabisa. Mjenzi wa tovuti aliyetaka mambo mapya ilimpasa ahame. Mwaka huo huo wahandisi wa Instagram walieleza jinsi walivyohamisha programu inayotumiwa na mamia ya mamilioni ya watu bila kuifunga hata siku moja na bila kusimamisha kazi mpya. Siri yao haikuwa uchawi. Waliamuru kwamba kila kipande kipya kiweze kwenda chini ya wakalimani wote wawili, wakasahihisha cha zamani kipande kwa kipande, kisha wakawahamisha watumiaji kwa mafungu, fungu dogo kwanza. Mwaka 2018 kampuni ya Dropbox, ambako van Rossum mwenyewe alikuwa akifanya kazi wakati huo, nayo ikatangaza kwamba programu yake ya kompyuta za mezani imevuka. Bandu bandu huisha gogo.

Tarehe 1 Januari mwaka 2020 siku ikawadia. Kuanzia siku hiyo watunzaji waliacha kusahihisha Python 2, hata kama tundu lingeonekana ambamo mwizi angeweza kupita. Toleo la mwisho kabisa, 2.7.18, lililokusanya masahihisho yaliyokwisha kufanywa, lilitolewa tarehe 20 Aprili mwaka huo. Wapenzi wa lugha hiyo walikuwa wakutane wakati huo katika mji wa Pittsburgh, huko Marekani, lakini maradhi ya korona yalikuwa yameenea duniani na mkutano ukafanywa kwa mtandao. Hivyo chombo kilichotumika kwa miaka 20 kiliagwa na watu waliokaa kila mmoja nyumbani kwake. Programu zake hazikufa usiku ule. Zipo zilizoendelea kufanya kazi, na baadhi ya kampuni ziliendelea kuitunza kwa ajili ya wateja wao. Lakini aliyebaki alijua kwamba anabaki kwa hiari yake, na kwamba alikuwa ameonywa kwa miaka mingi.

Sasa turudi kwa ndugu wetu wawili wanaogombana. Aliyesema usiache mbacha wako kwa msala upitao, je, alikuwa amekosea? Hakukosea. Tazama vizuri neno lake la mwisho: msala upitao. Python 3 ya mwaka 2008 ilikuwa kweli msala upitao. Ilikuwa nzuri kwa macho, lakini maktaba hazikuwapo juu yake, na mtu aliyemtupa mbacha wake siku ile angelala chini. Ni pale tu msala ulipotandikwa ndani ya nyumba, ukawa wa kudumu, na pakawa na nafasi ya kulaza mbacha kando yake kwa muda, ndipo watu walipoweza kuhama kwa amani. Kumbe methali haimkatazi mtu kubadilika. Inamtaka anayeleta mabadiliko ahakikishe kwamba alicholeta kimekwisha kufika.

Wala tusijidanganye kwamba mambo yote yaliishia kwa furaha. Saa nyingi sana za kazi zilitumika kuandika upya programu ambazo tayari zilikuwa zikienda, na saa hizo zingaliweza kutumika katika uvumbuzi mwingine. Ziko maktaba ndogo ambazo wenyewe walichoka au waliondoka, zikabaki upande wa pili wa mto, na waliozitegemea wakaachwa nazo. Watunzaji wa Python waliliona hilo. Leo kanuni yao yasema kwamba kitu hakiondolewi katika lugha mpaka kitangulizwe onyo kwa muda wa matoleo mawili angalau, ili kila mtu apate wakati wa kujiandaa. Walijifunza kwamba kosa lao halikuwa kubadili lugha. Kosa lilikuwa kutaka watu wengi wavuke kwa ruka moja.

Walakini hebu tuulize pia ni nani aliyefaidi. Ukianza leo kujifunza kuandika programu, katika shule ya mjini au ya kijijini, yaelekea utakutana na Python 3. Utagawa 7 kwa 2 nawe utapata 3.5. Utaandika Wanjikũ, au Mũthoni, au jina la babu yako kwa herufi za Kiarabu, na mkalimani atazihesabu herufi sawasawa na wala hatashangaa. Hutajua kwamba palikuwa na taabu yoyote, kwa kuwa walioilipa gharama hiyo ni watu wa mbali ambao wengi wao hawakuwa na haja nayo. Hapo ndipo penye heshima ya kazi ile. Waliowahi kufika walikubali kusumbuka ili watakaokuja nyuma wakute mlango uliowaenea.

Msomaji kijana, nawe siku moja utakuta chombo kikuukuu kinachotumiwa na wengi: daftari la chama cha akiba, utaratibu wa zahanati, sheria ya shule, au programu ya kompyuta. Utaiona kasoro yake mapema kuliko wengine, kwa sababu macho yako ni mapya, na utatamani kukitupa siku ile ile. Usiifiche kasoro hiyo, kwa maana wako wanaoumizwa nayo ambao hawana sauti. Lakini kabla hujakitupa, uliza ni nani anayekitegemea, na atasimama wapi siku utakapokiondoa. Mjengee daraja, umpe tarehe, na uitimize. Na kama wewe ndiwe uliyekalia mbacha, basi msala utakapokuwa umekwisha kutandikwa nyumbani mwako, inuka.